Upande wa Kushoto wa Diwani

Mkolani, Mwanza
Jumanne, 19 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Truphosa,

Shikamoo dada. Nakusalimu wewe, shemeji Otuoma na watoto wote, na nauliza sana hali ya mgongo wako, maana siku ya harusi yangu ulisimama jikoni tangu alfajiri bila kukaa hata dakika moja. Kama bado unauma, tafadhali usibebe tena ndoo za dagaa, waachie watoto. Huku sisi wawili ni wazima. Mimi nimenenepa kidogo, na lile gauni la kijani limeanza kunibana mikononi.

Barua hii nampa Favour, anayekuja Shirati kesho na basi la asubuhi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikipiga mnaweka spika, na mama na shangazi wananijibu kabla yako. Haya nataka uyasome peke yako.

Kwanza nikupe habari za nyumba. Dada, nimeolewa jamani! Hii ni wiki ya kumi na mbili, na bado nikisikia baiskeli ya Nkwabi inagonga geti naacha mwiko ndani ya sufuria nakimbia kujitazama kwenye kioo. Akicheka vishimo viwili vinaingia mashavuni, navingojea kama mtoto anavyongoja pipi. Anajifunza Kijaluo. Kila jioni anaingia akiniamkia "Oyawore", na mimi simwambii kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi, kwa sababu nikimsahihisha nitaikosa.

Kazi yake unaijua, ingawa siku ya harusi shangazi aliitangaza kwenye kipaza sauti kuwa ni "meneja wa wanyama". Mnyama mwenyewe ni mmoja. Ni farasi mfupi, wa aina ile wanayoita poni, rangi ya majivu, na watoto wanampanda Jumamosi na Jumapili pale ufukweni Luchelele kwa Mama Getruda. Jina lake ni Diwani. Walimpa jina hilo kwa ajili ya tumbo, na kwa sababu anamsalimia kila mtu kwanza ndipo anamlia ndizi yake. Nkwabi alimpokea akiwa bado mdogo na amemlea miaka minne. Kazi ya Nkwabi ni Diwani. Pasipo Diwani hana kazi pale.

Sasa mwishoni mwa Juni, wiki ya nne baada ya harusi, Nkwabi alirudi akaniambia Diwani ameota mabonge. Yalikuwa yamevimba chini ya ngozi shingoni na begani, mengine kama sarafu, mengine kama kisosi cha kikombe. Anajikuna mchana kutwa. Alijisugua kwenye nguzo ya banda mpaka nywele zikang'oka na nguzo ikalegea. Watoto waliokuja Jumapili walikatazwa na mama zao kumshika.

Mama Getruda alimwita Daktari Hellen, mama wa mifugo anayekaa Mkuyuni. Alimpima joto, akambonyeza yale mabonge, akasema hayo ni vipele vya mzio na si ugonjwa wa kuambukiza. Kuna kitu kinamgusa, au anakila, au kinamuuma, na mwili wake umekikataa. Alisema sindano itampoza siku mbili tatu, lakini hicho kitu kisipopatikana mabonge yatarudi, na ndivyo ilivyokuwa.

Wakaanza kutafuta kwa kuondoa kitu kimoja kimoja. Kwanza waliwashuku wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi. Nkwabi alishona chandarua kuzunguka banda lote, akawa anawasha samadi kavu mlangoni. Diwani akakohoa na mabonge yakabaki. Kisha daktari akaagiza wamwondolee pumba na mashudu ya pamba, ale nyasi tupu siku kumi. Alikonda kidogo, ikabidi Ngosha mlinzi aulize kama sasa abadilishwe cheo awe mwenyekiti wa mtaa, lakini mabonge yalikuwa palepale. Wakaacha kumwogesha kwa sabuni. Haikusaidia. Ngosha akasema labda wachunga ng'ombe wanaopita pale wamempaka dawa ya kupe kwa utani, nao wakaapa kwamba hawajamgusa.

Mwezi wa saba, tarehe za katikati, Nkwabi alikwenda Magu siku tatu kumzika baba yake mdogo. Ngosha ndiye aliyemlisha Diwani na kumpiga brashi. Siku ya tatu mabonge yakanywea. Nkwabi akarudi Ijumaa, na Jumamosi mchana yakafumuka upya.

Hapo maneno yakawa mengi. Ngosha alisema farasi ana wivu. Alisema tangu shemeji, yaani mimi, aingie, Diwani amesusa, anataka talaka. Wapishi wa Mama Getruda wakaongeza kwamba bibi harusi ameleta mkosi, wengine wakasema kwa kucheka na wengine hawakucheka. Mama Getruda hakusema habari za mkosi. Alisema tu kwamba anaona kwa macho yake mnyama akipona kwa mkono wa Ngosha na kuumwa kwa mkono wa Nkwabi, kwa hiyo Agosti ikifika katikati atamkabidhi Ngosha kazi ya farasi. Nkwabi aende kwa amani, yeye atamwandikia barua nzuri ya kumtambulisha kwingine.

Dada, hujawahi kumwona shemeji yako akiwa na huzuni. Hapigi kelele. Alikaa kwenye ngazi ya mlango akivua viatu, akabaki ameshika kiatu kimoja mkononi mpaka chai ikapoa. Aliniambia anajiona kama mzazi aliyeambiwa mtoto anakua vizuri asipokuwepo.

Daktari Hellen aliomba apewe wiki mbili kabla ya uamuzi. Alimwagiza Nkwabi aandike kwenye daftari kila kitu kinachomgusa Diwani tangu asubuhi hadi jioni, hata kama ni uzi. Nkwabi akaniletea mimi niandike kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Tukakaa mkekani, yeye akitaja, mimi nikiandika: kamba, brashi, tandiko, ndoo, nyasi za kulalia, mikono yake, mafuta ya mikono yake, ovaroli yake, sabuni ya kufulia ovaroli. Nikaandika vyote vizuri, nikapiga mstari chini.

Daktari alilisoma daftari, kisha akamzunguka Diwani polepole. Akauliza kwa nini mabonge yamejaa upande wa kushoto, na upande wa kulia ni machache. Nkwabi akamweleza kwamba farasi huhudumiwa kutoka kushoto. Kumfunga kamba, kumtandika, kumwongoza, yote anasimama kushoto, bega lake likiegemea shingo ya Diwani. Daktari akasema basi jibu liko kwake Nkwabi, kwenye ngozi au kwenye nguo. Akatazama daftari, akaona nguo zinafuliwa kwa sabuni ileile ya unga ya siku zote, tangu kabla ya harusi. Akaiweka nguo kando. Akamwambia aache mafuta ya mwilini. Shemeji yako akaenda kazini wiki nzima na ngozi imepauka kama mtu aliyemwagiwa majivu. Mabonge hayakupungua.

Sasa nakuambia nililokusudia, dada.

Lile daftari nililiandika kwa uongo. Sabuni ya unga ni kweli naitumia, lakini baada ya sabuni nilikuwa nailoweka ile ovaroli kwenye maji ya kulainishia nguo, yale ya waridi mliyonipa kwenye kicheni pati, lile dumu kubwa lenye utepe. Mliniambia nimimine kifuniko kimoja kwenye beseni. Mimi nilimimina vitano. Kwenye kola na mabega nilikuwa nayapaka yenyewe bila maji, kisha naanika. Nkwabi aliponiuliza siku ile mkekani tunafulia nini, nilisema sabuni ya unga ileile. Siku aliponisimulia habari ya upande wa kushoto nilijua. Nilijua nikiwa nakatakata sukuma wiki, nikaendelea kukata. Nikanyamaza siku nane.

Sababu yenyewe ndiyo iliyonifunga mdomo. Nkwabi ananuka farasi, dada. Si kidogo. Ni jasho na samadi na kitu kingine kikali kama mkojo wa mbuzi, kinaingia kabla yake na kubaki kwenye mto. Nampenda mpaka nashindwa kulala, lakini harufu ile ilikuwa inanitoa machozi, na nilikuwa nageukia dirishani nikijifanya natazama nje. Na mimi ndiye niliyesimama mbele ya kina mama nikasema nampenda mume wangu hata jasho lake, wakapiga vigelegele. Ningeanzaje kumwambia mtu niliyemwambia hayo?

Alhamisi iliyopita Nkwabi alianza kukusanya vitu vyake bandani. Alileta nyumbani brashi yake moja, akaifunga kwenye gazeti, akaiweka juu ya kabati. Ijumaa nilibeba lile dumu nikapanda bodaboda hadi Luchelele. Niliwakuta Mama Getruda, Daktari Hellen, Ngosha na Nkwabi mwenyewe. Niliwaambia wote kwamba ni mimi, na kwamba daftari lina uongo, na nikaliweka dumu mezani. Daktari hakunigombeza. Alitaka vitambaa viwili safi, kimoja akakichovya kwenye maji yale, kingine kwenye maji matupu, akasema tuvifunge shingoni upande wa kulia, mahali pasipo na bonge. Nkwabi alikuwa amekwenda kusimama karibu na maji, ametupa mgongo, kwa hiyo kamba nilishika mimi. Haikupita saa moja, chini ya kitambaa kimoja ngozi ikapanda kama maandazi. Chini ya kile kingine hakukuwa na kitu.

Mama Getruda alitazama vitambaa, akanitazama mimi, akasema kumbe farasi wake amekuwa akifungishwa harusi kila siku na yeye mwenye farasi hakualikwa. Akamwita Nkwabi arudi bandani, kazi ni yake. Ngosha akasema yeye alikuwa ananusa waridi kila asubuhi tangu Juni, akadhani ni mambo ya maharusi, akaona aibu kuuliza.

Tukiwa njiani kurudi, Nkwabi aliniuliza kwa nini vifuniko vitano. Ningeweza kumwambia ni mapenzi, na angeamini. Nilimwambia kweli yote. Hakukasirika; angekasirika ingekuwa afadhali. Alisema sawa. Tangu siku hiyo akitoka kazini anaoga ziwani, kisha anaoga tena nyumbani, na ovaroli anafua mwenyewe kwa sabuni ya mche. Chakula alikuwa anakula karibu na mlango, upande ambao upepo unatoka. Nikimwita asogee, anasema hapa panatosha, mama. "Oyawore" hakusema tena.

Diwani amepona kabisa. Nyumba yangu ndiyo iliyokuwa inajikuna.

Leo asubuhi alipokwishatoka nilimfuata. Nilimwomba Ngosha ovaroli ya zamani, nikaingia bandani nikamwambia Nkwabi anifundishe. Alinitazama, akanipa brashi. Nilimpiga brashi Diwani upande wa kushoto wote, nikamzolea samadi, nikambebea nyasi. Akaniwekea kichwa chake kizito begani akanipumulia shingoni, na akanilia kitambaa cha kichwa. Nilifanya kazi mpaka saa nane mchana. Nkwabi alinisahihisha tu ninavyoshika kamba.

Nilitangulia nyumbani kupika. Aliporudi alikuwa ameshaoga ziwani, nywele zimelowa. Nilikwenda kumpokea baiskeli kama kawaida yangu. Akarudi nyuma hatua moja, akaziba pua kwa vidole viwili, akasema mke wangu, nenda ukaoge, unanuka huyo farasi mpaka barabarani. Vishimo vikaingia mashavuni vyote viwili. Nikamwambia sendi ng'o, na mimi nikae mlangoni. Akasema basi tukae wote, akavuta mkeka.

Sasa ameenda kumtafuta Favour kabla hajafunga mizigo, nami namalizia haraka kwenye mkeka huuhuu. Bado sijaoga. Ukiona karatasi hii ina harufu, usidhani imepitia kwenye banda.

Mfikishie mama shikamoo zangu, na shangazi pia, lakini shangazi mpe salamu tu, haya ya humu uyaweke mwenyewe. Wabusu watoto. Mungu akulindie mgongo huo mpaka tuje Krismasi kula samaki wako. Nkwabi anasema anakuamkia, na anauliza kama "Oyawore" inafaa jioni. Tafadhali mjibu kwamba inafaa.

Mdogo wako akupendaye,
Akumu, mke wa Nkwabi