Leila aliona salon yetu

Arsène, uko hapo? Sijui hata niko nasikia nini rohoni.

Leo tumezika Papa Nassoro, baba ya Leila. Leila iko Kinshasa, avion, ndege ya kuja huku, uwanja wa Bangboka, ilikuwa ya kesho, na kwetu maiti hailali, inazikwa siku ileile. Donc niliweka kamera kwenye parcelle yao, pale uani, ili aone kwa simu yake.

Unajua ile programme kadogo niliandika. Connexion ya internet ikibadilisha adresse ya kamera, inapeleka adresse mupya kwenye jina moja, na mutu anafungua jina ileile tu. Niliijaribu kwanza kwetu, na kamera yetu. Nikasahau kuizima kwenye ordinateur ya kwetu.

Saa sita courant, umeme, ikarudia kwetu. Ordinateur ikawaka yenyewe, ikapeleka adresse ya kwetu kwenye jina ileile.

Ya kwetu, Arsène.

Huku kwao Leila wanamusalia baba yake, wanabeba jeneza, wanatoka. Leila anaangalia mama yangu anachambua pondu, majani ya muhogo, kwenye salon ya nyumba yetu.

Niliona messages yake baada ya maziko. Ya kwanza: "Hamadi, niko naona mama yako." Ya pili: "Bado niko naona mama yako." Hakuandika tena.

Nikamupigia, nikamwambia yote, kosa ni yangu. Nikangoja anitukane.

Akauliza tu, "Walimutosha Papa nje saa ngapi?"

Nikasema saa saba na dakika kumi.

"Bon. Saa ile nilikuwa ningali naangalia. Nilifikiri mutarudisha picha ya huko kwetu."

Hakukata. Mimi pia sikukata. Ninakuandikia na ye iko bado kwenye ligne ya simu, kwa haut-parleur, simu iko pembeni. Nasikia tu anapumua.