Ulisifu Mbegu, Ukatuita Wavivu

Baba Wangari,

Sikuandikii kukusalimu. Mtoto amelala mgongoni na mikono yangu bado iko na udongo wa handaki, kwa hivyo nitasema wazi: uliisifu mbegu ile bure, na ulijua inawezekana ni bure.

Unakumbuka shamba la majaribio pale Mweiga, tukiwa hatujamaliza mwaka tangu tuoane? Wewe Bwana Shamba mwenye kofia mpya, mimi nimekushikia kamba. Ulitaka kujaribu vitu vitatu kwa viazi: samadi, nafasi pana na mbegu mpya. Ukanichorea chini kwa kijiti. Ili kuona michanganyo yote ulihitaji vitalu vinane. Afisa wa kilimo alikupa vinne. Mbegu mpya ukaiweka kwenye kitalu chenye samadi na nafasi pana pamoja, na kwenye kile kisicho na hata kimoja. Chenye samadi peke yake na chenye nafasi pana peke yake vikapata mbegu ya zamani.

Nikakuuliza, "Na kama samadi na nafasi zinasaidiana, hiyo nguvu yao tutaionaje?"

Ukacheka. Nilikupenda sana siku hiyo, maana hukuniambia ninyamaze. "Hatutaiona, mama. Itajificha ndani ya mbegu. Ni kama watu wawili wanaotumia kipande kimoja cha kujitambulisha: askari wa getini anasoma jina, lakini hajui ni nani amepita. Tunabahatisha tu kwamba hazisaidiani. Tukikosea, mbegu itasifiwa bure."

Kitalu chenye vitu vyote kikajaa viazi. Vile vitatu vikatoa vya kuokota tu. Ukamwandikia afisa kwamba mbegu mpya ndiyo bora. Lile neno la kubahatisha ukaliacha.

Kisha serikali ikatuhamishia kijijini huku Tetu, handaki pande zote kututenga na wapiganaji wa msituni, ng'ombe wakachukuliwa. Samadi tungetoa wapi? Tukaamriwa kupanda mbegu yako hivyo hivyo. Ikazaa viazi kama macho ya kuku. Nawe, umekaa Nanyuki kwenye kazi yako mpya, ukamwandikia afisa ati wanawake wa Tetu ni wavivu. Kwa neno hilo, saa mbili tulizoruhusiwa shambani kila siku zikawa moja. Ile nyingine tunachimba handaki.

"Bibi ya Bwana Shamba!" jirani yangu Nyawira huniita mbele ya watu. "Lete kokoto zako tuinjike mapema, labda zitaiva kabla ya kafyu!" Wanacheka, nami nacheka nao. Kisha Wangari ananyonya titi lisilo na kitu.

Nimevipanda hapa Tetu vile vitalu vinne ambavyo hukupewa, kati ya vile vinane. Msimu mzima, kwa ile saa moja yangu. Samadi nilizoa kidogo kidogo kwa mbuzi wa mama waliobaki, nikabeba kwa kiondo. Safari hii mbegu ya zamani ndiyo niliyoiweka palipo na samadi na nafasi pana pamoja, na pale pasipo na kitu. Mpya ikapata samadi peke yake, na nafasi peke yake. Unajua ni ipi ilishinda? Ya zamani! Na ni kitalu kile kile chenye samadi na nafasi kilichoibeba. Siri haikuwa mbegu. Wala sisi hatukuwa wavivu.

Najua unamwogopa afisa. Mimi pia naogopa, na bado nimelima. Nenda umwambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea, turudishiwe saa yetu. Nakala ya barua hii nimewasomea wenzangu, na iko kwa mwalimu wetu. Jumatatu ataipeleka ofisini. Umtangulie. Ningetaka Wangari akikua aambiwe kwamba baba yake alijisema mwenyewe.

Usiporudisha saa yetu, nyumbani kwangu usirudi.

Mama Wangari