Yaya, Walikupasua kwa Jina Langu

Mpendwa yaya Numbi, dada yangu mkubwa,

Leo daktari kijana amenibonyeza tumbo akauliza kama nimewahi kupasuliwa. Nikamjibu ndiyo, ila siku zile niliitwa Banza. Akaniuliza kwa upole kama ninalala vizuri. Nimecheka mpaka barabarani, halafu nikakukumbuka, cheko likaniishia mdomoni.

Unakumbuka siku uliyotoka kwenu Kikula ukaja kula maharage kwetu, kambi ya wafanyakazi wa kampuni, ukaanguka umeshika tumbo upande wa kuume? Baba yako aliuza samaki wakavu sokoni, na hospitali ya kampuni ilipokea wafanyakazi na watoto walioandikwa katika kitabu cha familia, basi. Mama alisema mtoto wa dada yake ni mtoto wake, kilichokosea ni kitabu. Baba yangu, aliyewaogopa wakubwa wa kiwandani kuliko radi, alikuna kichwa mara moja, akakupandisha kwenye baiskeli na kukupa jina langu, Monga. Njia nzima nilikimbia nyuma yenu nikikufundisha: tarehe ya kuzaliwa, shule, namba ya baba kazini. Wewe unalia kwa maumivu, mimi nakugombeza kwamba mwezi umeukosea.

Wakakupasua kidole tumbo, ukapona. Nilipokuletea uji, mkubwa wa wauguzi, sitwaye Kalala (yaani raia; miaka ile serikali ilikataza neno bwana, nani angethubutu?), akaita, "Monga!" Tukaitika wote wawili. Baba alinikanyaga mguu, nikajitia kukohoa.

Miaka miwili baadaye ikawa zamu yangu, upande uleule. Baba alinipeleka kichwa juu, maana safari hiyo hakuwa na uongo hata chembe. Kalala akafungua faili: Monga alishapasuliwa. Akafunua tumbo langu, halina hata mkwaruzo. Akafunga faili. Akasema mimi ni mwizi, nimeiba jina la mtoto wa mfanyakazi, nitoke kitandani.

"Ni minye Monga," nililia nikijipiga kifua. Nani angeniamini? Baba akisema kweli, anapoteza kazi na nyumba ya kambi. Akinyamaza, ananipoteza mimi. Mimi niliogopa, yaya, niliogopa sana.

Sijui nani alikupa habari. Ulitokea mlangoni na kandambili moja, nyingine umeiacha njiani. Hukumsalimu mtu. Ukainua blauzi mbele ya wagonjwa wote, kovu nje.

"Tumbo ya Monga ni hii hapa," ukasema. "Minye njo nilidanganya, muzee hakujua kitu. Munifunge Buluo kama munapenda, lakini mumupasue mudogo wangu kwanza."

Ulikuwa na miaka kumi na saba, na gereza la Buluo ulilitaja kama mtu anayetaja kwa shangazi yake.

Kalala alilitazama kovu. Akamtazama baba. Kisha akauliza polepole, "Mu kitabu yenu, nani bado hajapasuliwa?"

Baadaye tulisikia kwamba nusu ya watoto wa kitabu chake mwenyewe walikuwa wa dada zake. Basi nikapasuliwa kwa jina la Banza, mdogo wetu, aliyekuwa na miaka tisa na mzima kama ng'ombe. Maskini Banza! Mpaka leo anatema mbegu za mapera moja moja zisimletee kidole tumbo, anasema yeye haruhusiwi kuumwa, zamu yake tuliila.

Ulipougua kule Kambove mwaka jana, kampuni haikuwa tena na kitabu cha kumwandika mtu, nami nilifika umeshafunikwa uso. Nilikuwa na jina langu, yaya, ningekupa lote. Sikuona mahali pa kulipeleka. Inaniuma hata sasa ninapoandika.

Kwa hiyo sikiliza. Huko uliko, kama mlangoni wanasoma majina na lako halimo, sema wewe ni Monga. Tarehe unaijua, nilikufundisha njia nzima, na mwezi usiukosee tena. Siku nitakayofika mimi, wakinifukuza kwa kusema Monga alishaingia zamani, usikae kimya.

Inua blauzi.

Mudogo wako,
aliyelala hospitali siku kumi akiitika Banza