Mashua ya Baba Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 3 Juni

Modeli ya kompyuta imelipuka tena. Mara ya nne tangu asubuhi. Mashua aliyoiunda Baba inapanda wimbi sekunde mbili, kisha ubao wa nyuma unaruka mpaka mawinguni na kompyuta inagoma. Tarehe kumi na tano mashua inakabidhiwa, ikabebe wagonjwa wa Ilagala. Bila ripoti yangu haiondoki. Nilikubali kukagua kazi ya baba yangu mzazi. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Jumanne, 4 Juni

Nimeona kosa. Maji yanausukuma ubao, ubao unayasukuma maji, kila mmoja anajibu kwa nguvu kuliko mwenzake. Kama Baba na Mama wakitafuta miwani. Nimelazimisha maji na ubao wasogee kidogo kidogo, warudie mpaka wakubaliane, ndipo wimbi liendelee. Sekunde tano. Halafu ikalipuka.

Nikaenda ufukweni Ujiji kulalamika. Baba akauliza mbao nimezipa uzito gani. Nilipomtajia, alicheka mpaka akashika kiuno. "Hizo kavu, mwanangu! Mashua mpya tunaizamisha kwanza, mbao zinywe maji, zibane."

Miaka minne ya chuo. Na utoto wangu wote nimeogelea kwenye mashua zilizozamishwa. Nampenda huyu mzee, na ananikera.

Jumatano, 5 Juni

Mbao zimelowa, modeli imetulia. Wimbi zima, mwanzo hadi mwisho. Nimepiga vigelegele peke yangu ofisini.

Kisha nikatazama rangi zinazoonyesha mbao zinapolemewa. Nyuma, chini ya injini, nyekundu tupu. Ubao utapasuka. Nimekagua injini, wimbi, misumari, kila namba. Naitafutia kompyuta kosa kwa sababu sitaki kulikuta kwa Baba.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepima mashua yake ya zamani. Mataruma, zile mbavu za ndani, ni kumi na mbili. Hii mpya ina kumi na moja. La nyuma kabisa halipo. Niliyahesabu mwenyewe wiki iliyopita na sikuuliza, kwa kuwa ni Baba.

Nikamwonyesha Baba picha ya modeli. "Mashine yako haijawahi kushika randa," akasema. Hakunitazama. Nimeumia. Lakini humo atalazwa mjamzito wa watu. Nimeandika: isiondoke. Sijaituma.

Ijumaa, 7 Juni

Mama ameniambia, akichambua mchele. Ni magoti. Kule nyuma fundi huingia kwa kutambaa, na Baba hawezi tena. Hata swala anaswalia kwenye kiti. Kuomba msaada kwa mafundi aliowafundisha yeye, aibu. Kiti nilikiona. Nacho sikukiulizia.

Nimelia, kisha nikala.

Jumamosi, 8 Juni

Nimevaa suruali ya kazi. Habari za magoti sikuzitaja. Nimesema nataka kujifunza kuweka taruma. Amenipa nyundo.

Nimetambaa hadi nyuma. Panabana, pananuka mawese yanayopakwa kwenye mbao. Yeye nje, juu ya kigoda, akinielekeza kwa kugonga ubao: hapa, shuka kidogo, hapo. Nimepinda misumari mitatu. Hakucheka.

Saa tano taruma la kumi na mbili likakaa. Akaingiza mkono, akalipapasa lote. Akaniambia nitoke, tunywe chai.