Yowe la Ng'ambo ya Kijito

Mwisenge, Musoma
12 Februari 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na miguu imeacha kukusumbua. Tangu mama atutoke nawaza sana jinsi unavyoishi peke yako, ila najua dada Dafroza yuko karibu. Sisi huku wazima. Nimempa kondakta sukari na sabuni akuletee. Siku hizi dukani kila kitu kipo, si kama miaka ile ya foleni. Kinachokosekana ni hela tu.

Baba, nina jambo. Bosi wangu Felisian, yule mwenye mabasi, anagombea ubunge mwezi wa kumi. Jimbo letu limegawanywa upya na mpaka unapita kwenye kijito. Upande wetu umebaki kwake. Ng'ambo, kwa kina dada, wamepelekwa jimbo jingine. Kule wengi hawamtaki, kwa hiyo kwake ni heri. Shida ni kwamba watu wananung'unika, wanasema wao ni nchi moja na watakwenda kulalamika.

Anaomba hivi: mwaka huu rika lenu likiizunguka nchi kuifunga mipaka kama desturi, mpite kwenye kijito, ng'ambo muiache nje. Watu wakiona wazee wamepita hapo, watanyamaza. Ni kutembea tu, baba. Ikifanikiwa atanipa umeneja.

Mwanao,
Eliasi

Nyamuswa
3 Machi 1995

Mwanangu Eliasi,

Marahaba. Milele amina. Sukari imefika pungufu, nadhani kondakta wenu naye ana watoto. Miguu inauma lakini inatembea. Dada yako hajambo. Jana alivuka kijito kuniletea furu, samaki wakavu, akanigombeza kwa kutokula.

Nilipopiga kura mara ya kwanza, ile ya alama za jembe na nyumba, tuliwekwa pamoja na watu wa ziwani. Mbunge wetu alinuka samaki na tulimpenda hivyo hivyo. Baadaye tukaambiwa sisi ni wa Bunda. Sikulalamika. Serikali inakata majimbo kama mama anavyokata kitenge, leo gauni, kesho kilemba, na sisi tunaamka tuko palepale. Mpaka wa kura ni wa siku moja katika miaka mitano.

Wa wazee si hivyo. Uliondoka mdogo kwenda kusoma kwa mapadri, pengine hukuambiwa. Tukishaizunguka nchi, waliomo ndani wameapishwa kuitikia yowe la wenzao. Na kijana aliyeapishwa haruhusiwi kuvuka mpaka akiwa na silaha hadi mavuno mawili yapite. Akivuka, ameifungulia nchi magonjwa. Padri anayajua haya, anajifanya hayajui, nami Jumapili namwamkia vizuri tu.

Sasa unataka nimfungie nje dada yako? Wezi wa ng'ombe siku hizi wanakuja na bunduki. Shemeji yako Silasi ana upinde na mbwa mmoja. Akipiga yowe ataitikiwa na nani, bosi wako? Mwambie nimekataa. Nakupenda mwanangu, lakini jambo hili naliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa njaa.

Ni mimi baba yako,
Kasmiri

Mwisenge, Musoma
20 Juni 1995

Baba,

Shikamoo. Pole na shamba. Sisi wazima, ila kazi imenizidi ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Wazee wenzako wote wamekubali. Wamepewa mablanketi na dume la ng'ombe la kuchinja. Umebaki wewe tu, na bosi ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Baba, sasa ni wakati wa vyama vingi, kila kitu kimebadilika. Mambo ya yowe ni ya zamani, polisi wapo. Kama hutaki kutembea nao, basi usitembee, lakini nakuomba unyamaze. Usinivunjie riziki. Uchaguzi ukipita nitamkumbuka dada.

Mwanao,
Eliasi

Nyamuswa
17 Septemba 1995

Mwanangu,

Marahaba. Nakusalimu kwa jina la Yesu. Mimi nipo.

Walipita. Walijifunika mablanketi mapya kwenye jua kali, na gari la bosi wako likawafuata polepole na kipaza sauti chake. Nilinyamaza kama ulivyotaka. Dada yako alisimama ng'ambo, mtoto mgongoni, akawatazama. Hakuna aliyemsalimu.

Wiki iliyofuata yowe likalia kule, jua likiwa bado juu. Wezi walichukua ng'ombe wote wa jirani yake Silasi. Vijana wetu walikimbia na mikuki hadi ukingoni mwa kijito, wakasimama. Nilipowafikia nikawauliza, mbona mmesimama? Mkubwa wao akasema, "Mzee, zamani tulikuwaga tunavuka. Sasa tumefungwa. Si wewe ulitufundishaga?" Ni kweli, niliwafundisha. Niliwatukana matusi ambayo hata kwenye kitubio sitayataja.

Wezi nao waliona, maana walikuwa mlimani wakitutazama. Sasa wanajua pa kupita. Nimemwambia Dafroza ahamie kwangu, hataki. Anasema mumewe hawezi kwenda kukaa ukweni kama mtoto wa kuokotwa.

Nisikilize, Eliasi. Mimi sikutembea na wale wazee wala sikuapa, kwa hiyo sikufungwa. Yowe likilia tena nitavuka na mkuki wangu. Lakini mimi ni mzee. Wewe hukuwapo siku ile, kwa hiyo nawe hukufungwa. Katika upande wote huu tumebaki wawili tu wenye ruhusa. Njoo nyumbani. Njoo kabla ya kura.

Baba yako,
Kasmiri

Mwisenge, Musoma
26 Novemba 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo baba? Miguu je?

Sijapata jibu la barua yangu ya mwezi wa kumi, ile niliyokuambia nitakuja kampeni zikiisha. Zimeisha. Felisian ameshinda, na umeneja nimepewa.

Juzi aliingia ofisini kondakta wa basi linalopita Butiama kwenda huko. Nikamuuliza habari za nyumbani kama kawaida. Akasema wiki ile ya kura yowe lililia ng'ambo, likalia sana, vijana wakasimama ukingoni. Akasema walimwona mzee mmoja anavuka maji peke yake, mkuki begani, polepole kama mtu mwenye miguu mibovu.

Nikamwambia aende akanywe chai. Sikumuuliza jina la yule mzee. Sikumuuliza kama alirudi.

Dada naye haandiki. Leo nimekaa stendi tangu asubuhi. Mabasi yote haya yako chini yangu, lakini la kwenda Nyamuswa limeondoka na sikupanda. Naogopa, baba. Nikishuka pale, mtu wa kwanza kukutana naye ataniambia.

Niandikie wewe kwanza. Hata kama ni matusi, niandikie, mradi niuone mwandiko wako.

Mwanao,
Eliasi