Kungu wa Arobaini ya Mama

Msimbu,
Kisarawe.
9 Machi, 1977

Mpendwa dada Mwamini,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la huko Shinyanga? Na shemeji, bado yuko kwenye kiwanda cha pamba? Sisi wazima wa mwili, ila nyumba haina raha, nami sitaki uyapate haya kwa watu.

Arobaini ya mama tuliisoma Jumapili. Mdogo wetu Mfaume alikuja kutoka Kisiju na lori la nazi, amebeba samaki saba, kungu wekundu, wanene. Watu wakamsifu. Unajua kungu hukaa mwambani, na mvuvi wa kweli humtoa mmoja mmoja kwa mshipi.

Mke wangu Mwanahalima alipompasua wa kwanza, uti wa mgongo ulitoka vipande vipande, damu imevilia ndani ya nyama. Nikafungua midomo ya wote saba. Hakuna hata mmoja mwenye jeraha la ndoana. Dada, ni baruti.

Mimi niliyeandika magazetini kwamba mlipua mwamba ni mnyonyaji kuliko bepari, kwa kuwa bepari humwachia mtu angalau kesho ya kunyonywa, nimeletewa baruti kwenye sinia la mama yangu! Nikaamuru samaki wafukiwe. Wageni wakala wali kwa kunde.

Mfaume alicheka. "Kaka, magazeti yako hayavui. Kijiji kinataka samaki wengi, hakiulizi wamekufaje." Hilo ni kweli, na viongozi wake nitawasema pia. Lakini hakukana, wala hakuahidi kuacha.

Mke wangu naye akaniambia, "Samaki wameshakufa. Mdogo wako yu hai. Mtazame aliye hai." Tangu siku hiyo hatusemezani ila salamu.

Namtazama, dada. Mwaka jana Zahoro, aliyekuwa akivua naye mtumbwi mmoja, alilipukiwa. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Hakukuwa na viganja vya kuosha.

Jumamosi nakwenda Kisiju, na mbele ya mkutano wa kijiji jina la Mfaume nitalitaja mimi. Ukisikia amefungwa, ujue ni mimi. Nilaumu ukitaka, wewe uliyembeba mgongoni. Gerezani atakula uji, lakini bakuli atalishika kwa mikono yake miwili.

Nisalimie shemeji, mwanao Sikuzani na wajukuu. Mwenyezi Mungu akupe afya na akulainishie moyo juu yangu.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Pazi