Matairi ya Jitu na Lundo la Mchanga

Jumatatu, 9 Septemba

Nimepata kazi! Miaka minane tangu nistaafu kufundisha fizikia, leo binti yangu kaniajiri mimi mama yake – mshahara hakuna. Nijaribu matairi ya gari la rimoti. Si kigari cha kuburuza kwa kamba. Lina urefu wa mkono wangu hadi kiwiko na magurudumu kama mabakuli. Nimelibatiza Jitu.

Matairi kayatengeneza mwenyewe, mpira mtupu, kwenye karakana yake. Meno yamepangwa kama mishale kuzunguka tairi. Jumamosi mwenye duka la magari ya mfano anakuja kuona kama yanapanda mchanga. Akiridhika, ataagiza. Asiporidhika, Jumatatu binti anarudi kiwanda cha soli za viatu alichokiacha Januari. Meneja anasubiri jibu. Binti aliniambia hilo akitazama pembeni.

Mchanga tunao. Fundi mwashi anajenga ukuta hapo jirani, ana lundo refu kunipita. Tukamwomba. "Shikamoo Mwalimu. Lundo ni lako, lakini ukilimaliza utaniletea jingine kwa kigari hicho hicho."

Binti alifunga matairi, mimi nikashika rimoti. Jitu lilikwenda hatua mbili, likachimba shimo, likajizika. Mara tano! Mwashi akauliza kama tunahitaji sanda.

Jumanne, 10 Septemba

Kanuni yangu ya darasani: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kimekusaidia. Matairi haya hayajazwi upepo, ndani mna sponji. Nikaona ni ngumu mno. Nikaligeuza Jitu chali mezani kama kobe, nikatoa matairi, nikapunguza sponji, nikayarudisha, mishale yote ikitazama mbele. Kwa utaratibu. Kwa kutumia rula!

Limepanda! Mpaka kileleni! Limesimama pale juu kama jogoo.

Nilimpigia binti simu, nikapiga kelele tu. Akadhani baba yake kaanguka.

Alhamisi, 12 Septemba

Mara ishirini na sita jana, mara thelathini leo. Limeshindwa mara mbili tu, na moja ni kosa langu, nilipiga chafya.

Mume wangu kahamishia kiti chake na shati analoshona kifungo hadi nje, eti kuna mwanga. Anamwambia mwashi kwamba mara ya mwisho kunisikia nikipiga kelele namna hii ni siku aliponiposa, na siku hiyo nilikuwa nakataa.

Binti kafurahi. Keshamwambia mwenye duka siri ni sponji laini.

Ijumaa, 13 Septemba

Maskini mimi.

Nilikuwa nalisafisha Jitu kwa mswaki. Nikaliweka dirishani, limesimama kwa miguu yake. Nikatazama mishale. Inatazama nyuma!

Nijielezee polepole, kama darasa la wazito. Gurudumu likienda mbele, sehemu ya juu inakwenda mbele, lakini sehemu ya chini inarudi nyuma. Gari likilala chali, chini ndiko kunakuwa juu. Mimi nikaelekeza mishale mbele nikitazama tumbo la gari. Nilipoligeuza, yote imekuwa kinyume. Kwa hiyo Jumanne nilibadilisha vitu viwili. Mimi! Wa kanuni!

Nikahakikisha. Nikahamisha magurudumu ya kulia yakaenda kushoto, ya kushoto kulia – mishale ikawa sawa. Lundoni: shimo, kaburi. Nikarudisha: kileleni. Sponji laini peke yake haipandishi kitu. Meno yakiwa kinyume yanakusanya mchanga katikati kama viganja viwili vinavyochota. Lakini kwenye tope viganja hivyo vitajaa na tairi litageuka kipara.

Nilifikiria kunyamaza. Kama dakika nne hivi. Kisha nikamwita.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nikaanza kusema mwanangu nisamehe – akakaa chini sakafuni, anacheka, machozi yanamtoka. "Mama! Kidato cha pili! Swali la gurudumu!"

Ni kweli. Swali hilo hilo, sehemu ya chini inaelekea wapi. Nilimpa sifuri mbele ya darasa zima.

"Leo nami nakupa yako," akasema. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi, 14 Septemba

Mwenye duka kafika saa tatu, suruali imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Kaniamkia vizuri, kisha akamuuliza binti dereva yuko wapi. "Huyo hapo," binti akasema. Jamaa akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kandambili.

Jitu likapanda mara tatu mfululizo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sponji, siyo?"

Binti akavuta pumzi. "Hapana. Tulikosea." Akamweleza yote, na kosa ni la nani.

Yule bwana hakucheka. Akaelekeza kidole penye pipa la mwashi, pale maji yanapomwagika. "Na tope je?"

Binti akanipa spana. "Mwalimu, fanya wewe. Ila usilitazame tumboni."

Kulia kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia. Dakika sita. Nikakagua likiwa limesimama, mara mbili. Jitu likaingia topeni – likatoka! Limerusha tope hadi kwenye shati la mume wangu, naye anashangilia!

Tairi moja, kazi mbili. Wala hiyo ya pili hatukuibuni, tuliipata kwa kukosea.

Mwenye duka akaomba rimoti, "mara moja tu". Sasa ni robo tatu ya saa. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Kakunja suruali, viatu kavua, kapiga magoti topeni pamoja na binti. Wanahamisha magurudumu tena na kubishana kuhusu upana wa meno. Ameuliza tu kama tuna betri nyingine.

Simu ya binti iko hapa kitini kwangu. Inaita. Ni meneja wa soli. "Mama, nani?" Nimemtajia. Akatazama mikono yake, tope hadi kwenye viwiko, akarudi kukaza nati.

Bado inaita. Hakuna mwenye mkono mkavu hapa ila mimi, na mimi naandika.